Utepe Ulipoonyesha Kijani: Kisa cha Mtoto Aliyepungukiwa na Damu Ng'ambo ya Likoni

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya ya jamii, maafisa wa lishe na yeyote anayeingia katika nyumba za watu kwa nia ya kuwasaidia kulea watoto wao. Familia imeridhia kisimuliwe. Umri wa watu wazima, kazi zao na maelezo ya makazi yao yamebadilishwa kiasi cha kutosha ili wasitambulike, lakini mfululizo wa matukio na vipimo vya mtoto ni kama vilivyo katika daftari letu. Mimi ni afisa wa lishe, na nilikuwa nikimsimamia mhudumu aliyeitembelea nyumba hiyo. Makosa mawili makubwa yatakayosimuliwa hapa ni yangu, si yake.

Usuli

Nyumba iko Likoni, ng'ambo ya kusini ya kisiwa cha Mombasa, Kenya, mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka kivukoni. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Familia inakaa vyumba viwili na vilivyobaki vina wapangaji. Chumba kimoja ni cha baba, mama na mtoto wao wa pekee. Cha pili ni cha mama mzazi wa baba, yaani mavyaa wa mama huyo, pamoja na binti yake wa mwisho anayesoma sekondari.

Baba ni msaidizi wa dereva katika malori yanayobeba makontena kutoka bandarini hadi Malaba na kuvuka mpaka wa Uganda, na mara nyingi hukaa siku kumi bila kulala nyumbani. Mama anashona katika kiwanda cha nguo cha EPZ, yaani eneo la viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje ya nchi, upande wa bara, magharibi mwa kisiwa. Hutoka saa kumi na moja alfajiri, huvuka kwa feri, kisha hupanda matatu. Hurudi saa moja na nusu usiku, na siku ambazo kivukoni kuna msongamano hufika saa mbili imeshapita. Kwa hiyo, kutoka Jumatatu hadi Jumamosi, mtu aliye na mtoto tangu alfajiri hadi usiku ni mavyaa. Sentensi hii niliijua tangu siku ya kwanza, kwa kuwa niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe katika fomu ya mtoto. Nilichokosa ni kuitumia.

Mtoto, mvulana, alizaliwa kwa miezi kamili akiwa na kilo 2.8. Alinyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi mitatu, muda ule ule ambao Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali ambapo mama anayenyonyesha anaweza kunyonyesha au kukamua maziwa, lakini mama huyu hakuwahi kuonyeshwa chumba cha namna hiyo, na kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa muda mfupi, hakuthubutu kuuliza. Katika wiki za kwanza maziwa yalikuwa yakimjaa hadi blauzi inalowa akiwa mbele ya cherehani, kisha yakapungua. Aliendelea kumnyonyesha mwanawe usiku, jambo ambalo lilimsaidia sana mtoto kuliko mama mwenyewe alivyodhani. Mchana, kuanzia mwezi wa nne, mtoto alipewa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, mwezi wa tano uji mwepesi, na kabla hajatimiza mwaka, chai ya maziwa.

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili huja duniani na akiba ya madini ya chuma inayomtosha takriban miezi sita. Baada ya hapo chuma lazima kitoke katika chakula. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, uji mwepesi hauna cha kutosha, na chai ina tanini ambazo hukamata chuma cha chakula kilicholiwa karibu nayo kisiingie mwilini. Mtu aliyeitazama ratiba ya mtoto huyu akiwa na miezi sita angeweza kukisia atakavyokuwa akifika mwaka mmoja na nusu.

Kilichotokea

Mhudumu wetu alikuwa akipita katika nyumba hiyo kila mwezi, na tangu wahudumu wapewe mikoba ya vifaa mwaka 2023 alikuwa na utepe wa kupimia mzingo wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha sentimita 12.5 na zaidi huangukia rangi ya kijani, chini ya hapo ni manjano, na chini ya 11.5 ni nyekundu. Mtoto huyu alipimwa mara mbili mfululizo akapata 13.2, kisha 13.1. Mhudumu akaandika "kijani" na kuendelea na nyumba ya pili, na mimi nikatia saini.

Katika ziara ya tatu, mtoto akiwa na miezi 17, mhudumu alimkuta amejikunyata kando ya ukuta wa ua, akikwangua udongo kwa kucha na kuulamba. Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo mtoto wa umri huo huwa hashikiki, lakini huyu baada ya kulamba alirudi mkekani akalala. Mhudumu alikifungua kiganja chake akakilinganisha na kiganja cha mtoto wa mpangaji aliyekuwa akicheza karibu. Kimoja kilikuwa na wekundu wa damu na kingine kilikuwa cheupe kama karatasi. Aliandika barua ya rufaa papo hapo.

Zahanati ilimpima uzito wa kilo 9.1. Katika kitabu cha afya ya mama na mtoto, uzito wake wa miezi 12 ulikuwa kilo 8.8. Alikuwa ameongeza gramu 300 tu katika miezi mitano, na mstari wake katika chati ulikuwa umelala huku mstari wa kawaida ukipanda. Hemoglobini, kipimo kinachoonyesha wingi wa damu, ilikuwa gramu 7.9 kwa desilita. Mtoto wa umri huo anatarajiwa awe na angalau 10.5, na akishuka chini ya 7.0 huhesabiwa kuwa katika hali mbaya inayohitaji hospitali. Afisa wa tiba aliagiza kipimo cha malaria, choo, na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli na ambao katika ukanda wa pwani haufai kusahaulika mtoto anapokosa damu. Vyote havikuonyesha tatizo. Mtoto aliandikiwa dawa ya maji yenye chuma kwa miezi mitatu na dawa ya minyoo.

Kisha mama akaletwa kwangu. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini, nyuma yake kulikuwa na foleni, na mtoto alikuwa akilia. Kwa dakika kama kumi nilimweleza kwamba mtoto apewe maini, mayai, samaki, mboga za majani na matunda, asipewe chai tena, asilishwe huku akitazama simu, na anywe dawa kila siku. Nilimwandikia yote katika karatasi. Nilimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa, na hakika alikuwa ameelewa kila neno.

Baada ya wiki mbili mhudumu alirudi na taarifa nzito. Siku ya tano ya dawa, mavyaa aliona kinyesi cha mtoto kimekuwa cheusi na meno yameanza kuwa na madoa. Alihitimisha kwamba dawa inamchoma tumbo, akaifungia kabatini. Zaidi ya hayo, dozi zile za siku tano zilitolewa na chai ili mtoto asikie utamu. Karatasi yangu ilikuwa imezua ugomvi, kwa sababu mama aliisoma jioni mbele ya mavyaa, akiwa amechoka na pengine kwa sauti iliyopanda kuliko alivyokusudia, na mavyaa akasikia kitu kimoja tu: kwamba mke wa mwanawe amekwenda kumshtaki zahanati. Alijibu, "Mimi nimelea sita, na mmoja wao ni mumeo." Baba alipigiwa simu akiwa njiani kurudi kutoka Malaba, akasema mama yake aachwe alee anavyojua. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walikuwa wakisalimiana tu. Mama alikuwa ameanza kufikiria kuacha kazi, au kumpeleka mtoto kwa wazazi wake bara.

Uamuzi na sababu zake

Tulikutana na mhudumu siku iliyofuata. Njia zilizokuwa mbele yetu zilikuwa tatu.

Mama kuacha kazi tuliliondoa haraka. Mshahara wake ndio uliolipa kodi ya vyumba, na nyumba isiyo na uhakika wa kodi haimpi mtoto maini wala mayai. Kumpeleka mtoto kwa walezi wa mtaani wanaolea watoto kwa malipo ya siku kulikuwa na uzito zaidi, na mhudumu alikupendelea. Mimi nilipinga kwa sababu mtoto mwenye hemoglobini ya 7.9 angeingia katika chumba chenye watoto wengi na maambukizi mengi, na kwa sababu kumwondoa mikononi mwa nyanya yake kungekuwa hukumu ambayo familia ingeibeba miaka mingi. Iliyobaki ilikuwa kuanza upya, safari hii kwa mavyaa.

Tulikubaliana kwamba ziara ya kwanza isiwe na fundisho lolote. Mhudumu afike asubuhi, akae hadi adhuhuri, atazame na asaidie kazi zilizopo. Dawa peke yake haikuweza kusubiri, kwa hiyo tuliamua mhudumu amweleze mavyaa jambo moja tu: kwamba kinyesi cheusi ni rangi ya chuma inayopita na si damu wala jeraha, kwamba madoa ya meno huondoka yakisuguliwa, na kwamba lililokosewa ni sisi kutomwambia mapema. Mhudumu aliomba radhi kwa niaba ya zahanati. Mavyaa alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mngeniambia, mwanangu, nisingeificha." Dawa ilitoka kabatini asubuhi hiyo hiyo.

Mhudumu aliposema kwamba hakuja kufundisha bali kukaa naye aone siku ya mjukuu inavyokwenda, mavyaa alimjibu, "Basi shika mbuzi unikunie nazi." Yaliyoonekana tangu asubuhi ile hadi adhuhuri yaligeuza uelewa wetu wote wa kisa hiki.

Mtoto alipata kikombe cha chai ya maziwa na nusu ya mahamri saa moja asubuhi, na kikombe cha pili saa nne. Magoti ya mavyaa yalikuwa yamevimba na alinyanyuka kwa kushika ukuta. Mtoto alipoanza kuelekea jikoni kwenye jiko la makaa, mavyaa hakuweza kumfuata, hivyo alimwita na kumpa chai ili akae. Chai ilikuwa uzio wake wa kumzuia mtoto asifike kwenye moto, na hakuna karatasi ya lishe ambayo ingeiondoa kabla ya kumpa uzio mwingine. Jioni, kuanzia saa kumi hadi saa moja, mavyaa huuza viazi vya karai na bajia barazani, karai la mafuta likichemka, na saa hizo ndipo simu ya shangazi ilipomshika mtoto. Chakula cha mchana kilikuwa kizuri. Kulikuwa na wali, pojo za nazi na kipande cha samaki. Lakini katika sahani ya mtoto uliingia wali na mchuzi uliochotwa juu juu. Pojo zilibaki chunguni na samaki akaliwa na wakubwa.

Mhudumu aliuliza, kwa upole na bila kuashiria kosa, kwa nini mtoto hapewi pojo. Mavyaa aliendelea kupepeta mchele kwa muda, kisha akasema kwamba alizaa saba. Wa pili alifariki akiwa na miaka miwili. Mchana alikula kunde, jioni akaanza kuharisha, na siku ya tatu wakamzika. Tangu hapo hakuna mtoto aliyeonja kunde, pojo wala samaki mikononi mwake kabla ya miaka mitatu. Lile neno la "nimelea sita" lilikuwa kweli tupu, na ndani yake mlikuwa na mtoto wa saba ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Mama wa mtoto, aliyeishi naye nyumba moja miaka mitatu, hakuwa akijua.

Baada ya ziara hiyo tulipanga mambo machache, kila moja likiwa na mahali pa kushikia ndani ya nyumba.

Hofu ya kuharisha tuliijibu kwa kitu cha kushikwa mkononi. Mhudumu alipeleka pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayeharisha, na vidonge vya zinki, akamwonyesha mavyaa namna ya kuchanganya na dalili ambazo akiziona asisubiri: mtoto kushindwa kunywa, macho kuzama, damu katika choo. Pakiti zilitundikwa ukutani jikoni. Nadhani hatua hii ndogo ndiyo iliyofungua sufuria ya pojo, kwa sababu mavyaa hakuhitaji kuambiwa kwamba pojo hazina hatari. Alihitaji kujua kwamba safari hii, likitokea, hatakuwa mikono mitupu.

Chakula hatukuongeza gharama mwanzoni. Mtoto awekewe sahani yake, na ndani yake ziingie pojo zilizopondwa na samaki aliyechambuliwa miba kwa vidole, wala si mchuzi peke yake. Uji uwe mzito, wa wimbi uliochachushwa usiku mmoja, kwa sababu uchachushaji hupunguza vile vitu vya nafaka vinavyozuia chuma, na dagaa waliosagwa watiwe kijiko kimoja. Siku ya Jumapili mama alisaga dagaa na unga wa wiki nzima, na huo ukawa mchango wake ulioonekana jikoni hata siku ambazo hayupo. Tunda, chungwa au embe, liliambatana na dawa asubuhi, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Mavyaa mwenyewe alipendekeza unga wa ubuyu katika uji, na alikuwa sahihi, kwani ubuyu una vitamini C nyingi. Tuliomba tu uwe unga mtupu, usiwe mabuyu yale ya sukari na rangi yenye kokwa zinazoweza kumsakama mtoto. Chupa ya dawa iliwekwa juu ya kabati, kwa sababu chuma kinachoponya kwa kijiko ni sumu mtoto akiinywa chupa nzima.

Chai hatukuipiga marufuku. Kikombe cha saa nne kiliondoka kwanza, baada ya baba kutengeneza kizuizi cha mbao mlangoni mwa jikoni. Kikombe cha asubuhi kilipunguzwa majani wiki hata wiki, kikaisha katika wiki ya sita.

Namna ya kulisha ndiyo iliyotutoa jasho. Mtoto alikuwa amezoea kufunguliwa kinywa huku macho yako kwenye simu, na akikataa, hushikwa mashavu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, lakini ushauri huo haumwambii nyanya mwenye magoti mabovu afanye nini saa kumi jioni. Tulikubaliana mtoto akae juu ya kibao kifupi akitazamana na mlishaji, apewe vipande vya kushika mwenyewe, azungumzishwe, na akifunga kinywa aachwe, sahani iondolewe baada ya muda usiozidi nusu saa. Siku tatu za kwanza alikula kidogo kuliko zamani. Mavyaa aliingiwa na wasiwasi mkubwa, na mhudumu akaenda kila siku kwa siku tano mfululizo, kazi isiyokuwa katika ratiba yake, akikaa naye tu wakati wa kulisha. Siku ya nne mtoto alichukua kipande cha samaki kwa mkono wake akakitia kinywani, na mavyaa akapiga kigelegele.

Hatimaye, baba aliporudi, tuliomba kukutana na wote wanne kwa pamoja barazani baada ya magharibi. Hatukutaka mtu yeyote abebe ujumbe wa zahanati kumpelekea mwenziwe. Nilizungumza mwenyewe. Nilionyesha chati ya uzito, nikaeleza dawa, nikamwomba baba ampeleke mama yake kutazamwa magoti, na nikamshukuru mavyaa mbele ya mwanawe na mkewe kwa yale tuliyoyaona: namna anavyomkanda mtoto kwa mafuta jioni, anavyomwimbia, anavyomtajia majina ya ndege wa uani. Shangazi alikubali kwamba badala ya simu, jioni atakaa na mtoto ukumbini na vifuu, vijiko na chupa tupu. Mama alizungumza mwisho. Alimwambia mavyaa, "Mama, sikukushtaki." Hakuna aliyejibu, lakini mavyaa alimpa mtoto ampakate.

Matokeo

Baada ya wiki nne hemoglobini ilikuwa 9.4, na baada ya miezi mitatu 11.3. Uzito ulifika kilo 10.2 mtoto akiwa na miezi 20 na nusu. Kulamba udongo kulikoma katika mwezi wa pili. Usingizi wa usiku ulitulia mapema, ndani ya wiki tatu, na mama alisema hilo ndilo lililomfanya aamini. Maneno aliyoweza kuyatamka yalikuwa mawili tulipoanza. Tulipofunga awamu hii shangazi alihesabu kumi na manne, likiwemo jina la feri kwa matamshi yake mwenyewe.

Si yote yaliyonyooka. Katika mwezi wa pili zahanati iliishiwa na dawa ya chuma na mtoto akakaa siku tisa bila dozi kabla familia haijanunua. Shule zilipofungwa na shangazi akawa nyumbani mchana kutwa, simu ilirudi. Magoti ya mavyaa yalitazamwa mara moja, akapewa dawa za maumivu, na miadi ya pili haikufanyika. Kila siku ya kliniki ilimgharimu mama ujira, hivyo kuanzia mwezi wa pili mavyaa ndiye aliyempeleka mtoto, akikodi tuktuk.

Uchambuzi

Utepe hukamata mtoto aliyekonda, na kwa kazi hiyo ni chombo chema sana. Hauoni damu, hauoni mstari wa uzito uliolala, wala hauoni mtoto anayelala saa nne asubuhi. Tulikuwa tumeifanya rangi ya kijani iwe jibu la swali ambalo utepe haukuulizwa. Kwa kiwango cha nchi, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2022 ulionyesha udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, umeshuka hadi asilimia 18 kutoka asilimia 26 mwaka 2014, na hiyo ni habari njema, lakini habari njema za aina hiyo zinaweza kumfanya msimamizi kama mimi atulie mbele ya safu za kijani. Sasa wahudumu wetu hufungua kiganja cha kila mtoto wa chini ya miaka miwili na hutazama kitabu cha uzito kabla ya kutoa utepe mkobani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumkabidhi mama ujumbe ambao hakuwa na cheo cha kuufikisha. Mke kijana katika nyumba ya mavyaa anaweza kufanya mengi kwa subira, lakini hawezi kuingia jioni na karatasi inayosema kwamba mlezi amekosea, na asilipie. Kwa kumpa karatasi ile nilimtia katika ugomvi nikabaki zahanati na mikono safi. Kosa la pili ni kutotaja kinyesi cheusi. Ni sentensi moja. Niliiacha kwa sababu ya foleni, na mtoto akapoteza siku tisa za dawa, mbali na zile tisa za baadaye.

Nina tahadhari kuhusu sifa. Yawezekana dawa ya chuma peke yake, ikinywewa ipasavyo, ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi: mtoto aliyepungukiwa na damu hukosa hamu ya kula, na damu ikirudi hamu hurudi, iwe simu ipo au haipo. Siwezi kutenganisha mchango wa kijiko cha dawa na mchango wa kibao kifupi na mazungumzo. Ninachoweza kusema ni kwamba dawa ile ile, katika nyumba ile ile, ilikuwa imefungiwa kabatini hadi pale mlezi alipoelezwa.

Mwongozo wa malezi jumuishi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia unataja mambo matano ambayo mtoto anayahitaji: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, usalama, na fursa za kujifunza mapema. Nimeutumia kufundishia kwa miaka kadhaa kana kwamba ni vyumba vitano tofauti. Katika nyumba hii yote matano yalikuwa ndani ya kikombe kimoja cha chai, na kizuizi cha mbao cha mlangoni kilisaidia lishe kuliko orodha yangu ya vyakula.

Linabaki jambo ambalo halinipi raha. Mpango wetu ulimwongezea kazi mwanamke mwenye umri mkubwa na magoti yanayouma, asiyelipwa na yeyote. Tulimshukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, lakini shukrani haitibu goti. Kama ningeanza upya ningeanza na miadi yake ya kliniki kabla ya sahani ya mtoto, na ningemtafutia mama barua ya kumwombea mwajiri nafasi ya kukamua maziwa tangu mwezi wa tatu, wakati ambapo bado ingesaidia.

Mtoto sasa ana miaka miwili na mwezi mmoja, na yuko katika ziara za kawaida za kila mwezi. Mama ni mjamzito wa miezi minne. Katika ziara ya mwisho mhudumu alimkuta ameanza vidonge vya chuma na foliki asidi alivyopewa kliniki, na mavyaa, akiwa barazani anamenya viazi, aliuliza kama vile vidonge navyo vitamfanya mkwewe apate choo cheusi, ili awaambie wapangaji wasimtishe.